Uume unaposimama kwa saa nyingi na kuuma: jibu kwa kijana mwenye selimundu

"Nina umri wa miaka 23 na nilizaliwa na selimundu. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi nimekuwa nikiamshwa alfajiri na uume uliosimama bila hamu yoyote ya mapenzi, ukiwa mgumu na wenye maumivu. Mara nyingi hukaa hivyo saa moja au mbili, kisha hulala wenyewe, na hali hiyo hunipata mara mbili au tatu kwa mwezi. Wiki mbili zilizopita ulisimama tangu saa kumi na moja alfajiri hadi baada ya saa nne asubuhi. Niliweka barafu, nikameza dawa ya maumivu, nikajifungia chumbani nikisubiri. Tangu siku hiyo naona hausimami imara kama zamani. Rafiki niliyemdokezea alicheka, akaniambia kuna wanaume wanaonunua dawa ili wapate hali kama yangu. Daktari wa kliniki yangu ya selimundu sijamwambia kwa sababu ya aibu, na pia nimesikia kwamba hospitalini huchoma sindano kwenye uume wenyewe. Je, huu ni ugonjwa? Unahusiana na selimundu? Je, nilikosea kusubiri? Na je, nitaweza kupata watoto?"

Ndugu msomaji, nimeisoma barua yako mara mbili, na ninachokiona ndani yake ni mvutano: mwili unakuambia kwamba kuna jambo haliko sawa, na aibu inakuambia unyamaze. Mwili ndio unaosema kweli. Hali uliyoieleza ni ugonjwa unaojulikana, wenye jina, sababu na tiba, na tukio la wiki mbili zilizopita lilikuwa dharura ya hospitali ingawa hatimaye lilikwisha lenyewe. Sisemi hivyo kukulaumu, maana hukuwa umeambiwa na mtu yeyote. Nasema hivyo kwa sababu linaweza kurudi, na nataka likirudi uwe tayari unajua la kufanya kabla saa hazijakupita.

Ugonjwa huo huitwa priapizimu. Jina limetokana na Priapus, mungu wa rutuba katika visasili vya Wayunani wa kale, ambaye wachongaji walipenda kumwonyesha akiwa na uume mkubwa uliosimama wakati wote. Nadhani jina hilo limewaponza wagonjwa wengi, kwa kuwa linaleta picha ya ashiki na nguvu mahali ambapo kuna damu iliyokwama tu. Kitabibu, priapizimu ni kusimama kwa uume, kikamilifu au nusunusu, kunakoendelea kwa zaidi ya saa 4 pasipo hamu ya mapenzi au baada ya hamu hiyo kwisha. Vipindi vifupi kama vyako, vinavyokuja na kuondoka kabla ya kufika saa hizo, huhesabiwa kuwa aina ya ugonjwa huohuo, ile inayojirudiarudia. Rafiki yako alicheka kwa kutojua. Wanaume wanaonunua dawa hutafuta uume unaosimama wanapoutaka na kulala wanapomaliza, na wewe umenyimwa hilo la pili.

Ili uelewe kwa nini muda una uzito mkubwa namna hii, ni lazima kwanza tuangalie jinsi uume unavyosimama. Ndani yake mna nguzo mbili za nyama laini zenye vyumba vidogo vingi, mfano wa sifongo, zilizolala sambamba na kuzungukwa na utando mgumu usiotanuka sana. Uume ukiwa umelala, misuli laini iliyo kwenye kuta za vyumba hivyo huwa imekaza, na damu inayoingia ni kidogo. Mwanamume anaposisimka, au anapokuwa katika usingizi wa ndoto, neva hutoa kemikali iitwayo nitriki oksidi, misuli ile hulegea, damu ya ateri hujaa, na vyumba vilivyovimba huzibana vena ndogondogo zilizo chini ya utando ili damu isitoke. Hamu ikiisha, misuli hukaza tena, vena hufunguka na damu hurudi mwilini. Watu wengi hudhani kwamba kusimama ndiko kazi na kulala ni mapumziko, kumbe kwa misuli hii mambo ni kinyume: uume husimama misuli inapolegea, na hulala misuli inapofanya kazi.

Katika priapizimu ya aina yako, hatua hiyo ya kulala ndiyo inayoshindikana. Damu iliyonaswa ndani haipishani na damu mpya, kwa hiyo oksijeni yake hutumika hadi kukaribia kwisha, kabonidioksidi hurundikana na tindikali hupanda. Misuli iliyokosa oksijeni haiwezi kukaza, na kwa kuwa haikazi, damu haitoki, na kwa kuwa damu haitoki, oksijeni hairudi. Maumivu unayoyasikia ni kilio cha nyama iliyokosa hewa. Wewe uliyekua na selimundu bila shaka unayajua maumivu ya mifupa yanayokuja pale chembe za damu zinapoziba mishipa midogo. Haya ya uume ni ya ukoo uleule, isipokuwa yametokea mahali ambapo watu hawazungumzi.

Kuhusu swali lako la pili, basi, jibu ni ndiyo, yanahusiana moja kwa moja. Selimundu ni miongoni mwa sababu kuu za priapizimu duniani, na kwa watoto na vijana ndiyo inayoongoza. Mara nyingi huanza katika umri wa balehe au ujana, na huzuka usiku wa manane au alfajiri, kama kwako. Maelezo ya zamani yalikuwa mepesi: chembe nyekundu zenye umbo la mundu ni ngumu, hazipindi, hivyo hukwama kwenye njia ya kutokea. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi. Chembe hizo pia huvunjika mapema, humwaga hemoglobini, yaani protini yake inayobeba oksijeni, kwenye maji ya damu, na hemoglobini hiyo huru huimeza nitriki oksidi. Mwili ulioishi miaka mingi na uhaba wa nitriki oksidi hupunguza pia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuizima ishara ya kusimama. Usiku, neva zinapotoa nitriki oksidi kwa wingi kama zinavyofanya kwa mwanamume yeyote aliyelala, wewe huna breki ya kutosha. Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu baadaye litatusaidia kuelewa tiba moja ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kama kichekesho.

Umeuliza kama ulikosea kusubiri. Nitakupa saa zenyewe, upime mwenyewe. Kuanzia kati ya saa ya 4 na ya 6, misuli ya ndani ya uume huanza kudhurika. Kufikia saa ya 12 nyama huwa imevimba kwa maji. Kufikia saa ya 24 ngozi nyororo inayotandika vyumba vya damu huwa imeharibika na damu huanza kuganda, na kati ya saa ya 36 na ya 48 misuli hufa, mahali pake hushikwa na kovu, na uwezo wa uume kusimama wenyewe mara nyingi hupotea kabisa. Saa zako tano na kidogo zilikuwa kwenye ukingo. Hukuanguka, lakini ulisimama mahali ambapo udongo unateleza, na ningependa usisimame hapo tena.

Hapa lazima nitenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kusimama kwa kawaida kwa asubuhi. Mwanamume mwenye afya husimama mara tatu hadi tano kwa usiku mmoja, kila mara kwa nusu saa hivi, bila maumivu, na uume hulala muda mfupi baada ya kuamka au kukojoa. Hilo halihitaji daktari. La pili ni hali yako, yaani damu iliyokwama: nguzo mbili huwa ngumu kama ubao na zinauma, huku kichwa cha uume kikibaki laini kwa kuwa kipo kwenye nyama tofauti isiyohusika. Visa vingi mno vya priapizimu, takriban 95 kati ya kila 100, ni vya aina hii. La tatu ni aina adimu inayofuata jeraha, kwa mfano mtu aliyeangukia chuma cha baiskeli akaumia msamba: ateri huchanika ndani na kumwaga damu mpya kwenye vyumba bila kukoma. Uume huo husimama nusu, hauumi sana, na nyama yake haikosi oksijeni, kwa hiyo daktari anaweza kusubiri na kuchunguza bila pupa. Nimelitaja kwa sababu huenda siku moja ukasoma mahali kwamba "priapizimu nyingine haina haraka" ukajifariji nalo. Ya kwako ina haraka.

Vipindi vifupi navyo visidharauliwe. Wagonjwa wengi wa selimundu niliowaona wakija na tukio kubwa lililokwishaharibu mambo walikuwa, nilipowauliza vizuri, wamepitia miezi au miaka ya matukio madogo ambayo hawakumwambia mtu. Saa moja leo, saa mbili mwezi ujao, kisha usiku mmoja halikomi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wakati wa kumwambia daktari wako ni sasa, ungali umekaa vizuri huna maumivu, na si saa kumi usiku ukiwa unatetemeka.

Unapoamka ukiwa katika hali hiyo, kwanza tazama saa na uandike muda, kwa kuwa maumivu hupotosha hesabu na kila mtu hospitalini atakuuliza ilianza lini. Nenda ukakojoe, hata kama inakulazimu kukaa na kusubiri, maana kibofu kilichojaa huchochea hali hii. Kunywa maji ya kutosha. Tembea, panda na kushuka ngazi, au chuchumaa na kuinuka mara kadhaa. Misuli mikubwa ya mapaja ikifanya kazi huvuta damu kwenda kwake. Oga maji ya uvuguvugu. Meza dawa ya maumivu uliyozoea kuandikiwa. Barafu uliyotumia, tafadhali iache: baridi hubana mishipa na huzichochea chembe zako kupinda, na kwa mwenye selimundu huweza kuongeza kile unachotaka kukizima. Usijaribu kujimaliza kwa kujichua wala kwa tendo la ndoa ukidhani kwamba kutoa shahawa kutaulaza, kwa sababu tatizo halimo katika hamu. Pombe na sigara ziweke kando kabisa usiku huo.

Ukitimiza saa 2 na uume bado ni mgumu, anza safari ya kwenda hospitali. Simaanishi uanze kufikiria kwenda, namaanisha vaa nguo utoke. Mpaka wa saa 4 ndio muda ambao unapaswa uwe tayari mikononi mwa watu wa idara ya dharura, na ukihesabu usafiri, foleni na maelezo ya mapokezi, saa mbili hizo zilizobaki hazitoshi kwa starehe. Uume ukilala njiani, bado fika, ueleze, uandikiwe rufaa. Ukifika, usizungukezunguke kwa kusema una maumivu ya tumbo au ya chini ya kitovu, kama wengi wanavyofanya wakakaa benchi hadi adhuhuri. Sema hivi: "Nina selimundu, uume wangu umesimama kwa maumivu tangu saa kadhaa, nadhani ni priapizimu." Muuguzi anayejua kazi yake atakuingiza ndani mara moja. Kama anayekupokea haelewi, omba kwa upole lakini bila kuchoka umwone daktari, na taja kwamba zimepita saa ngapi.

Sasa tufike kwenye sindano. Sitakuficha: ndiyo, sindano huingia kwenye uume, na ndiyo tiba yenyewe. Kwanza daktari huchoma dawa ya ganzi kuzunguka shina la uume, na hiyo ndiyo sehemu inayochoma zaidi, kwa sekunde chache. Baada ya hapo huingiza sindano ubavuni mwa uume na kufyonza damu iliyokwama, ambayo hutoka nyeusi na nzito. Upande mmoja kwa kawaida hutosha, kwa kuwa zile nguzo mbili zina njia za kupitishiana damu. Sehemu ya damu hiyo hupimwa oksijeni na tindikali ili kuthibitisha ni aina gani ya priapizimu, vyumba huweza kuoshwa kwa maji ya chumvi, kisha huingizwa dawa ya kukaza mishipa na misuli, ambayo inayopendekezwa zaidi ni fenilefrini. Hutolewa kidogokidogo, kati ya mikrogramu 100 na 500 kwa mara moja, na kurudiwa kila baada ya dakika 3 hadi 5 kwa muda wa hadi saa moja, huku shinikizo la damu na mapigo ya moyo yakipimwa, kwa sababu dawa hiyo ikipenya kwenda mwilini hupandisha shinikizo. Mgonjwa aliyewahi mapema, mara nyingi huo ndio mwisho wa mambo, na wengi huniambia kwamba nafuu ilipokuja walijiuliza kwa nini waliiogopa sindano kuliko ugonjwa.

Ikishindikana, hasa kwa aliyechelewa, daktari wa upasuaji hutengeneza njia ndogo ya kutolea damu kutoka kwenye nguzo zile kwenda kwenye nyama ya kichwa cha uume, ambako vena ziko wazi. Upasuaji huo huokoa maumivu na wakati mwingine huokoa uwezo, lakini kwa mtu aliyekaa zaidi ya siku moja na nusu matumaini ya kurudi kama zamani ni madogo, na hapo ndipo wataalamu huanza kuzungumzia kipandikizi, kifaa kinachowekwa ndani ya uume ili uweze kusimama. Ni tiba halali na waliowekewa huishi maisha ya ndoa. Hata hivyo, nyama uliyozaliwa nayo haina mfano, na sioni sababu ya wewe kuipoteza.

Kuna kosa moja hospitalini ambalo lazima ulijue, kwa kuwa huwapata hasa wagonjwa wa selimundu. Kwa kuwa unajulikana kuwa na ugonjwa wa damu, unaweza kulazwa, ukatundikiwa maji, ukapewa oksijeni na dawa za maumivu, kisha ukaachwa usubiri hali itulie. Vitu hivyo vyote ni vizuri na vinafaa kuendelea, ila haviwezi kuchukua nafasi ya kutoa damu iliyokwama. Vivyo hivyo kubadilishiwa damu: si tiba ya kwanza ya uume uliosimama, na kumewahi kuripotiwa matatizo ya ubongo kwa baadhi ya wagonjwa waliofanyiwa hivyo kwa sababu hii. Muulize daktari kwa heshima: "Je, daktari wa mfumo wa mkojo ameitwa?" Swali hilo fupi limewahi kubadili hali ya zaidi ya mgonjwa mmoja.

Kuzuia ndiko kunakokuhusu zaidi kwa sasa, na hapa sina dawa moja ya kukuhakikishia. La msingi ni kuutibu ugonjwa wenyewe. Haidroksiyurea, ambayo huongeza hemoglobini ya aina aliyonayo mtoto akiwa tumboni na kupunguza chembe kupinda na kuvunjika, imewapunguzia baadhi ya wagonjwa matukio haya, na kama huitumii, au unaitumia kwa kurukaruka, anzia hapo na daktari wako. Madaktari wengine huandika sudoefedrini ya kumeza kabla ya kulala, ambayo hukaza mishipa. Huwasaidia wengine na kuwakosesha usingizi wengine, na haimfai mwenye shinikizo la juu la damu. Kisha kuna ile tiba niliyoiita kichekesho: sildenafili, dawa ileile ya kusaidia uume kusimama, kwa dozi ndogo ya kila siku. Inachekesha hadi ukumbuke habari ya kimeng'enya kilichopungua. Kwa kuuzoesha mwili ishara ya kudumu na ya kiasi, huufanya urudishe breki zake polepole. Ina masharti makali: humezwa asubuhi uume ukiwa umelala, kamwe haimezwi tukio likiwa linaendelea, na haianzwi bila daktari anayekufuatilia. Tafadhali usiifanyie majaribio mwenyewe kwa sababu umeisoma hapa. Zipo pia dawa za kupunguza homoni ya kiume, ambazo huzuia matukio kwa nguvu, lakini gharama yake ni hamu, nishati na uzazi; kwa kijana wa miaka 23 nisingezikimbilia, na kwa mvulana ambaye bado anakua hazifai.

Mambo madogo nayo yana faida kuliko yanavyoonekana: kunywa maji mchana kutwa na si usiku tu, kukojoa kabla ya kulala na pale unapoamka usiku, kujifunika vizuri, kutibu homa mapema, kuepuka pombe, bangi na kokeini. Kama hukoroma sana au umeambiwa kwamba hukatikiwa pumzi usingizini, mwambie daktari, kwa sababu upungufu wa oksijeni usiku huchochea chembe zako kupinda. Mwonyeshe pia kila dawa unayotumia. Dawa za magonjwa ya akili kama klopromazini, dawa ya usingizi na sonona iitwayo trazodoni, baadhi ya dawa za tezi dume na shinikizo la damu, na hasa dawa za kujidunga kwenye uume ili usimame, zote zimewahi kuleta priapizimu, hata kwa watu wasio na selimundu. Msomaji mwingine anayesoma jibu hili akiwa na afya njema na aliyepatwa na hali hii kwa mara ya kwanza bila sababu inayoeleweka, naye apimwe damu, kwani mara chache saratani ya damu hujitambulisha kwa njia hii.

Umesema uume hausimami imara kama zamani. Baada ya tukio la saa tano, hilo linaweza kuwa la muda, kutokana na uvimbe ambao haujaisha, na pia hofu pekee humlegeza mwanamume: mtu anayeogopa kusimama kwa uume wake mwenyewe hawezi kusimama vizuri. Inawezekana vilevile kwamba kuna eneo dogo lililoanza kupata kovu. Sitaki kubahatisha kutoka mbali. Daktari wa mfumo wa mkojo ataugusa uume kutafuta sehemu ngumu, na pengine ataagiza ultrasaundi ya mishipa kuona damu inavyoingia. Hadi umwone, usimeze dawa yoyote ya kuongeza nguvu, iwe ya dukani au ya mitishamba. Na kama uume haujawahi kulala kabisa tangu siku ile, yaani umebaki nusu ngumu na una maumivu hata kidogo, basi usisubiri miadi. Nenda idara ya dharura leo.

Kuhusu watoto, pumua. Mbegu hutengenezwa kwenye korodani, na priapizimu haizigusi. Hata mwanamume aliyepoteza kabisa uwezo wa kusimama kwa sababu ya ugonjwa huu anaweza kuwa na mbegu nzima, na zipo njia za kitabibu za kuzitumia. Linalopaswa kujadiliwa ni haidroksiyurea, kwa kuwa inaweza kupunguza idadi ya mbegu wakati unaitumia. Mara nyingi idadi hupanda baada ya kuiacha, ingawa si kwa kila mtu, kwa hiyo mwambie daktari mapema kuhusu mipango yako ya kuzaa, na uulize kama inawezekana kupima au kuhifadhi mbegu kabla ya kuanza. Siku utakapopata mchumba, naye apimwe kama amebeba chembe ya urithi ya selimundu, ili mjue mapema mnachoweza kumrithisha mtoto.

Wiki hii, kabla ya miadi yako inayofuata, andika kwenye karatasi tarehe za matukio unayoyakumbuka, muda wa kila moja, ulikuwa umefanya nini jioni yake, na dawa unazotumia. Ukiona maneno hayatoki mdomoni mbele ya daktari, mpe karatasi hiyo asome mwenyewe. Mwombe naye akuandikie barua fupi ya kubeba, yenye jina la ugonjwa wako, aina ya priapizimu na tiba inayotakiwa, uiweke pamoja na simu yako kando ya kitanda. Na mchague mtu mmoja wa nyumbani, ndugu au mzazi, umweleze kiasi cha kutosha ili ukimgongea mlango saa kumi alfajiri ajue kwamba mnakwenda wapi.